Mwaka wa Maji ya Juu ya Mawingu

Claudine alinipigia simu asubuhi nikiwa nachambua mchele kwenye ungo, nyumbani kwangu Bukoba. Alisema, "Shangazi, baba ametutoka," na kwa kuwa alikuwa amekwisha kulia kabla ya kupiga, alinieleza yaliyobaki kwa sauti ya kawaida: presha, hospitali, maziko yatafanyika Kabuga. Nilivuka mpaka wa Rusumo kwa basi nikafika kabla ya jeneza. Nyumba ya Vianney iko nyuma ya soko la Kabuga, nyumba ya matofali yenye kibaraza kirefu, na siku hiyo ua wote ulikuwa umefunikwa turubai na kujaa viti vya plastiki vya kukodi. Baada ya kutoka makaburini watu walirudi kunawa mikono na kukaa, kama ilivyo desturi, na wanawake wakapitisha chai ya maziwa. Claudine akaja kuketi karibu yangu. Ni mtu mzima sasa, mkunga, ana watoto wake. Akaniuliza, "Shangazi, baba alikuwa anasema kwamba mwaka mmoja kabla sijazaliwa wewe na yeye mlikuwa mnapima maji yaliyo juu ya mawingu. Sisi tulidhani ni hadithi ya kutulaza. Ilikuwa kweli?" Nilimwambia ilikuwa kweli, nikaanza kumsimulia. Haya ninayoyaandika ndiyo niliyomwambia, pamoja na machache ambayo sikuyasema kwa sababu waliotuzunguka walikuwa wengi.

Nilifika Kigali Januari ya mwaka 1992, nikiwa msichana mwenye cheti kipya cha utabiri wa hali ya hewa na koti moja la baridi. Mtaalamu mmoja Mbelgiji, Madamu Odile, alikuwa amepata fedha za kurusha maputo kwa mwaka mzima kutoka mahali palipo karibu na ikweta na penye mwinuko, na alitaka msaidizi anayeweza kusoma mitambo iliyoandikwa Kiingereza. Ofisi yetu ya Dar es Salaam ilinitoa mimi, nadhani kwa sababu Bukoba kwenye ramani ilionekana jirani. Vita vilikuwa vinaendelea kaskazini mwa Rwanda tangu Oktoba 1990. Mama yangu aliniuliza kama nina akili, nami nikamjibu kwamba Kigali ni mbali na mapigano, jambo ambalo lilikuwa kweli kwa kilomita.

Nilipangishiwa chumba Nyamirambo, kwa Mama Hadija, Mwislamu aliyezaliwa mtaa huohuo na aliyezungumza Kiswahili tangu utotoni. Mumewe, Mzee Saidi, ndiye aliyekuwa dereva wa pikapu yetu ya kazi, kwa hiyo nyumba na kazi vilishikamana. Chumba changu kilikuwa na kitanda cha chuma, meza, na ukuta mwembamba ambao ulinipitishia kila neno la upande wa pili. Nilijifunza Kigali kupitia ukuta ule. Jioni Mama Hadija alipika isombe, kisamvu cha karanga na mawese, au maharage na ndizi, na akigundua sijamaliza alisema, "Weye mwanangu, mtu anayetazama juu siku nzima anahitaji uzito chini." Tukimaliza kula redio iliwashwa. Mzee Saidi alipenda kusikiliza taarifa za lugha zote alizozijua, kisha wakazijadili wenyewe kwa sauti ya chini, nami nikiwa nimelala upande wa pili nikijua nani amekamatwa, barabara ipi ina kizuizi, na nani amehama bila kuaga.

Kituo chetu kilikuwa nyumba ndogo ya bati juu ya kilima cha upande wa mashariki, na mbele yake uwanja wa nyasi ambako maputo yalijazwa gesi. Hapo ndipo nilipomkuta Vianney. Alikuwa amesoma fizikia Butare, alinizidi miaka sita hivi, na kila siku ya kurusha puto alivaa tai. Nilimwuliza siku ya kwanza tai ni ya nini. Akasema, "Dada Koku, kitu kinakwenda mbali namna ile, mtu amuage vizuri." Kiswahili chake alikipata kwa Mzee Saidi na kwa madereva, na pale kilipomwishia alijazia Kifaransa na Kinyarwanda bila kupunguza mwendo. Alikuwa mbishi. Alibisha juu ya chumvi kwenye mayai, alibisha juu ya bei ya nyanya, na zaidi ya yote alibisha na Madamu Odile juu ya maji.

Itanibidi nieleze maji yenyewe, kwa sababu bila hayo mwaka ule hauna maana. Mtu akisimama Kigali msimu wa mvua anaona mawingu yamepandiana kutoka msitu wa Kongo hadi Ziwa Viktoria, anadhani anga yote imelowa hadi mwisho wake. Sivyo. Juu ya mawingu yote, mahali ambapo hata ndege za abiria hazifiki, kuna tabaka la hewa kavu kuliko jangwa lolote duniani. Ukichukua sehemu milioni moja za hewa ile, sehemu za mvuke wa maji ni tatu, nne, labda tano. Lakini hayo machache yana kazi kubwa. Yanasaidia kuamua joto la dunia huku chini, na yanaingia katika mambo ya ile hewa ya ozoni inayotukinga na jua kali. Swali la Madamu Odile lilikuwa moja: ni nini kinachoamua yawe matatu na si matano?

Kifaa chetu kilikuwa sanduku jeupe jepesi, ndani yake kioo kidogo kama ukucha wa kidole gumba. Kioo kilipozwa kwa kimiminika baridi sana mpaka kikashika jalidi, ule ukungu wa barafu. Taa ndogo ilikimulika, na mtambo ukakipasha au kukipoza ili jalidi lisiongezeke wala lisipungue. Ukijua kioo kina baridi kiasi gani kushikilia jalidi lile, unajua hewa inayokizunguka ina maji kiasi gani. Sanduku lilitundikwa chini ya puto, likapanda, na likiwa linapanda lilituma habari zake kwa redio hadi kituoni, ambako kalamu ya mashine ilichora mistari miwili kwenye karatasi inayojikunjua: mmoja wa joto la hewa, mwingine wa maji. Mwisho puto lilipasuka, na sanduku likashuka kwa mwavuli likaanguka popote. Vifaa hivi viliwahi kuanguka kwenye mgomba, kwenye paa la kanisa, mara moja katikati ya harusi. Vianney na Mzee Saidi walikwenda kuvitafuta kwa pikapu, kwa sababu kioo kilikuwa cha gharama na kiliweza kutumika tena.

Mara ya kwanza nilipoitazama kalamu nilidhani imeharibika. Mstari wa joto ulishuka na kushuka, ukavuka nyuzi hamsini chini ya sifuri, sitini, sabini, ukakaribia themanini. Kisha, kwenye kimo cha kilomita kumi na saba hivi, ukageuka ukaanza kupanda tena. Sehemu hiyo ya kugeuka tuliita mfuniko. Madamu Odile alivuta sigara yake akasema kwa Kifaransa, na Vianney akanitafsiria, kwamba hapo ndipo mlango ulipo. Hewa ya tabaka la juu huingia hasa kutokea huku kwetu, kwenye nchi za joto, ikipanda polepole sana, na lazima ipite kwenye baridi ile. Maji yanayozidi kiasi kinachoruhusiwa na baridi huganda yakawa punje za barafu, yakaanguka. Hewa inavuka ikiwa imekamuliwa. Kwa maoni yake kila kitu kiliamuliwa hapo: mfuniko ukiwa na baridi zaidi, juu kunakuwa kavu zaidi; ukipata joto kidogo, maji mengi zaidi yanapenya.

"Na dhoruba?" Vianney alisema. Alikuwa anakula, tulikuwa tumekaa kwenye ngazi na mandazi na thermosi ya chai. "Dhoruba ya Kongo inapiga mfuniko kama ngumi. Inatupa barafu upande wa juu. Ile barafu inakuwa mvuke. Hiyo hamuihesabu?"

Madamu Odile alijibu kwamba ngumi zinazotoboa ni chache. Vianney akasema chache si sifuri. Kisha mimi, nikitaka kuonekana nimo, nikauliza juu ya methani, ile gesi inayotoka kwenye vinamasi na kwa ng'ombe, kwa sababu nilikuwa nimesoma mahali kwamba ikifika juu sana mwanga wa jua huivunjavunja na mojawapo ya mabaki yake ni maji. Wote wawili wakanitazama. Madamu Odile akasema ndiyo, na ndiyo maana ukipanda juu zaidi maji yanaongezeka kidogo badala ya kupungua. "Kwa hiyo ng'ombe wa mjomba wangu wanalowesha mbingu," akasema Vianney, akaonekana kuridhika, kama mtu aliyepata mshirika mpya kwenye ubishi. Tulibishana hivyo miezi kadhaa. Nikitazama nyuma naona kwamba ndiyo ilikuwa shule yangu ya kweli. Nilikuwa nimefundishwa kusoma mitambo na kutaja namba, na hapo nikaona watu wazima wawili wanaoheshimiana wakikataa kukubaliana, kila mmoja akisubiri puto lijalo limhukumu.

Mwezi Machi kule Bugesera, kusini mwa jiji, nyumba zilichomwa na Watutsi wakauawa. Vianney alikuwa Mtutsi. Sikuwa nimelifikiria neno hilo hadi nilipolisikia likipita ukutani, Mzee Saidi akimwambia mkewe, "Sasa wanauliza vitambulisho hata kwa mtu wa puto." Kituoni yeye mwenyewe alikuja na tai yake. Mkewe Beata, mwalimu wa shule ya msingi, alianza kumsindikiza asubuhi hadi kituo cha basi, na jioni kumngojea hapo, na alipoulizwa kwa nini alisema anapenda kutembea.

Julai, katikati ya kiangazi, Madamu Odile alikwenda kwao kuleta vifaa. Tulirusha puto kama kawaida, na sanduku likaangukia mashamba ya mtama upande wa Kabuga. Vianney na Mzee Saidi walikwenda kulichukua. Mchana Mzee Saidi alirudi peke yake, akasimama mlangoni na ufunguo wa gari mkononi. "Wamemshika," alisema. "Watu walilizunguka sanduku, wakaona waya, wakasema ni bomu. Jandarma wakaja. Mimi waliniambia dereva aende zake. Yeye walisoma kitambulisho."

Tulikwenda palepale. Kambi ndogo ya hao jandarma, askari wa usalama wa nchi ile, ilikuwa kandokando ya barabara, na nje, juu ya jiwe, alikuwa ameketi Beata na chakula ndani ya bakuli lililofungwa kitambaa. Sijui nani alimpa habari kabla yetu. Aliniinukia tukakumbatiana kwa salamu ya pale, kisha akasema karibu na sikio langu, "Dada, usiwaambie kwamba anajua mambo mengi. Waambie ni mtu wa kawaida." Nikaingia nikiwa nimebeba maneno hayo.

Ajida aliyekuwa mkuu wa zamu alikuwa mtu mzito wa umri wa makamo, anakula mahindi ya kuchemsha. Sanduku letu lilikuwa juu ya meza yake, na kando yake kitambulisho cha Vianney, kimelazwa wazi, upande ulioandikwa kabila ukiangalia juu. Nilimwamkia kwa Kiswahili, na hilo lilimfurahisha kidogo, kwa kuwa Kiswahili kilikuwa lugha ya askari na hakutarajia kuisikia kwa msichana.

"Wewe iko nani?"

"Naitwa Kokushubira, afande. Natoka Tanzania. Nafanya kazi na huyu mliyemshika."

"Huyu ni icyitso," alisema, neno walilowaita wote waliodhaniwa wanawasaidia wapiganaji wa kaskazini. Hakulisema kwa hasira. "Hii sanduku iko na antena. Inaongea na nani?"

"Na mashine yetu kituoni."

"Inaambia mashine nini?"

"Kuna maji kiasi gani huko juu."

Alitafuna. "Maji iko kwa ziwa. Iko kwa mutoni. Juu iko mawingu. Hii inasimama kwa mawingu?"

"Inayapita, afande."

"Inafuata maji gani huko mbele?"

"Machache sana yaliyobaki."

Aliweka gunzi mezani. "Wazungu wanatoa pesa, wanatuma sanduku kutafuta maji kidogo sana. Rakini hapa wamama wanatembea na jerikani. Ungekuwa mimi, ungeamini?"

Nilifikiri. Kila maelezo niliyokuwa nayo yalinihusisha na redio, na redio ndiyo iliyokuwa kosa. "Nisingeamini," nikasema. "Ningetaka kuona."

Nilimwomba aje kituoni na Vianney, aone puto likirushwa, akae mbele ya mashine tangu mwanzo hadi mwisho, asikie kila sauti inayotoka. Aliniambia nitoke. Chakula cha Beata kilipokewa mlangoni na askari kijana, na bakuli likarudishwa tupu, hatukujua nani amekula. Jioni ile kwa Mama Hadija niliacha chakula. Yeye hakunilazimisha. Alifunika sahani yangu na nyingine, akaenda zake, na upande wa pili wa ukuta nikamsikia Mzee Saidi akisema, "Akitoka, atakuja hapa. Unajua tutakuwa tunamlisha mtu aliyewekwa alama." Mama Hadija alijibu, "Atakula nini, wali au ndizi? Hilo ndilo unalotakiwa kuniambia." Kisha wakazima redio.

Ajida alikuja. Asubuhi ya siku ya tatu jipu lao lilipanda kilima, ajida mbele, Vianney nyuma kati ya askari wawili. Hakuwa na tai. Kifundo cha mkono wake wa kulia kilikuwa kimevimba na aliushikilia kwa mkono wa kushoto kama kitu cha mtu mwingine. Ilikuwa kazi yake kushika shingo ya puto wakati wa kujaza. Siku hiyo tulilishika mimi na Mzee Saidi. Niliogopa mambo mawili. La kwanza upepo, ambao huamka mapema juu ya vilima vile na ungeweza kulipigiza puto kwenye bati. La pili kioo. Kioo kilikuwa na tabia ya kugoma: mara nyingine jalidi lilikataa kushika, au lilishika likapotea, na kalamu ikachora upuuzi. Siku nyingine tuliita hiyo bahati mbaya na tukanywa chai. Nilimtazama Vianney, naye akanyanyua kidevu kuelekea puto, maana yake sasa, kabla ya upepo. Tukaliachia. Lilipita juu ya mikaratusi, jeupe, likawa dogo, na ajida akalitazama hadi alipolazimika kufunga jicho moja.

Ndani tulimpa kiti mbele ya mashine. Redio ilitoa mluzi wake, ule unaopanda na kushuka. "Hiyo ndiyo kuongea?" aliuliza. Nilimwambia ndiyo, mluzi wa juu ni baridi, wa chini ni maji, hakuna zaidi. Alisikiliza kwa makini, kichwa kimeinama. Alikaa kwa muda wote wa kupanda, unaolingana na misa ndefu ya Jumapili, na sikutegemea angeweza kukaa hivyo. Kalamu ilishuka. Kioo kilishika jalidi. Nilimweleza kila hatua: sasa liko juu ya milima, sasa liko ndani ya mawingu membamba, sasa limefika ambako hewa inakaukia. Mstari wa joto ulipogeuka kwenye mfuniko ukaanza kupanda, aligonga karatasi kwa kidole.

"Hapa baridi inapungua."

"Ndiyo, afande."

"Na maji haipande. Kwa nini? Joto imerudi, maji ingerudi."

Vianney alicheka. Ilikuwa sauti fupi, na askari mmoja akasogea, lakini ajida alinyoosha kiganja kumzuia. "Sema wewe," alimwambia.

"Haina pa kutoka," Vianney alisema. Midomo yake ilikuwa imepasuka, aliongea polepole. "Hewa imepita kwa baridi, baridi imekamata maji yote, imebakisha kidogo. Huko mbele hakuna ziwa, hakuna mutoni. Joto iko, rakini ya kulowesha haiko. Iko kidogo inatoka kwa gesi ya ng'ombe. Na kidogo kwa dhoruba."

"Dhoruba bado hatujakubaliana," nikasema, na sijui ni nini kilichonifanya niseme.

Ajida alitutazama mmoja baada ya mwingine. Nadhani ni ubishi ule uliomsadikisha kuliko kalamu. Watu wanaoficha jambo hawabishani juu yake mbele ya askari. Mluzi ukakatika, puto limepasuka. Alinyanyuka, akanyoosha mgongo. "Nimeona," alisema. "Huko juu hakuna mutu wa kuongea naye." Akamwambia askari amwachie. Sanduku lililokamatwa alisema atabaki nalo, na hatukuliona tena. Mlangoni alimgeukia Vianney akamwambia kwa Kinyarwanda asikanyage tena upande wa Kabuga. Nilipomsimulia Claudine sehemu hii, tukiwa kwenye ua wa nyumba ambayo baba yake alikuja kuijenga Kabuga hiyohiyo, aliomba nirudie maneno ya yule ajida. Nikayarudia.

Mama Hadija alimkanda Vianney mkono kwa maji ya chumvi, na kwa wiki nyingi yeye na Beata walikula kwetu jioni. Mfupa uliunga vibaya. Baada ya hapo aliandika kwa mkono wa kushoto, herufi za kulala. Hakwenda tena kutafuta masanduku. Badala yake tulikaa na makaratasi ya tangu Januari, tukayatandaza sakafuni, na hapo ndipo alipoona. Karatasi za mwanzo wa mwaka zilionyesha hewa kavu kabisa palepale kwenye mfuniko. Za katikati ya mwaka zilionyesha pale kwenye mfuniko maji yameongezeka kidogo, lakini ukavu ule wa Januari ulikuwa haujapotea. Ulikuwa juu zaidi, kama mkanda. Karatasi baada ya karatasi ulikuwa umepanda. Mfuniko huwa na baridi kali zaidi karibu na Januari na Februari, na hafifu zaidi Julai na Agosti, na hewa inayopita inabeba alama ya mwezi iliyopitia, ikipanda nayo taratibu. Vianney alizipanga upya kwa mkono wa kushoto. Kisha akasema, "Madamu ana haki. Ni baridi." Baada ya muda akaongeza, "Zaidi ni baridi."

Madamu Odile aliporudi alisema huenda ni kasoro ya kioo, mwaka mmoja hautoshi, na alikuwa sahihi kusema hivyo. Miaka iliyofuata wengine wenye vyombo vya setilaiti waliona jambo hilohilo dunia nzima, na leo linafundishwa. Nimelifundisha mimi mwenyewe hadi nilipostaafu. Methani ina sehemu yake, dhoruba zina sehemu yao, na watu bado wanabishana juu ya ukubwa wa hiyo ya mwisho. Lakini mara ya kwanza mimi nililiona likiwa sakafuni Kigali, nikiwa nimepiga magoti kando ya mtu mwenye mkono uliofungwa kitambaa.

Mkataba wangu uliisha Desemba. Beata alikuwa mjamzito. Walinisindikiza hadi kituo cha mabasi cha Nyabugogo, wapagazi wakitupita na magunia, na pale kando ya basi nilimwambia Vianney nilichokuwa nimekifikiria tangu Julai: waje Bukoba, wote wawili, nitawatafutia pa kukaa, kuna shule, kuna kituo cha hali ya hewa. Beata alimtazama mumewe, na nikaelewa kwamba walikwisha kulizungumza. "Mama yake hawezi kusafiri," Vianney alisema. Kisha, kwa sababu hakupenda kuacha jambo likiwa zito, akasema, "Na nikienda, nani atapima Februari? Puto zimebaki chache. Nataka kuona Februari." Beata akanipa ndizi za njiani na chupa ya chai. Nikapanda.

Februari 1993 mapigano yaliwaka upya kaskazini, wakimbizi wakajaa pembezoni mwa jiji, na mradi ukafungwa. Aprili ya mwaka uliofuata, mauaji ya kimbari yalipoanza Rwanda, nilikuwa Bukoba. Nilichokiona ziwani miezi ile, kilicholetwa na mto Kagera, sitakieleza. Kila mtu wa pwani yetu anakijua. Nilikuwa nafunga ofisi jioni na kuuliza madereva wa malori kama kuna yeyote aliyepita Nyamirambo. Hakuna aliyejua.

Nilikwenda mwenyewe mwaka 1995, barabara ilipotulia. Mama Hadija alinifungulia mlango, amekonda, akanishika uso kwa mikono miwili, akanielekeza uani. Vianney alikuwa ameketi kwenye mkeka, mtoto wa kike amelala mapajani. Yeye na mtoto walikuwa wamefichwa katika nyumba ile, juu ya dari ya kile kilichokuwa chumba changu. Alinyanyua kichwa akaniona, akanisalimu, akaniuliza habari za Bukoba. Halafu akasema, "Dada Koku, Februari nilipata puto moja kabla hawajafunga. Palikuwa pakavu kuliko Januari."

Nikaketi mkekani. Nilimwuliza kimo gani. Akaniambia. Nilimwuliza baridi ilifika wapi, kama kioo kilishika jalidi mapema au kwa kuchelewa, nani alimsaidia kushika shingo ya puto, kama mkanda wa mwaka uliotangulia bado ulionekana huko juu, na yeye akanijibu moja baada ya jingine, kwa utaratibu, huku akimpungia mtoto nzi kwa mkono wa kushoto. Mama Hadija alileta chai akaondoka. Niliuliza kila nilichoweza kuuliza juu ya hewa ya mwezi ule, hata mambo ambayo nilijua majibu yake. Maswali yakaisha. Vianney akamsogeza Claudine akamlaza vizuri, akanitazama.

"Sasa niulize habari za Beata," alisema.

Nikamwuliza.